Siku Papa Alipoendesha Gari la Bluu

Niseme mapema ili tusisumbuane: katika Kisangani nzima hakuna aliyeliendesha lile gari la njano vizuri kunipita mimi. Wapo watakaobisha. Wabishe. Wengi wao niliwashinda nikiwa nimevaa sare ya shule, daftari limekaa mapajani, na wao walikuwa wanaume wazima wenye ndevu na bibi nyumbani.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mbio za magari. Mashine ilikuwa kubwa kama kabati, ina viti viwili vya pamoja, sukani mbili, vioo viwili, kushoto gari la njano na kulia gari la bluu. Ilipanda mto kutoka Kinshasa juu ya baji, yaani lile boti bapa la mizigo, ikanyeshewa njiani majuma kadhaa, na ilipofika ngozi ya viti ilikuwa imeanza kubanduka. Mwenye salle, yaani ule ukumbi wa michezo, alikuwa tonton mmoja mwembamba, mjomba wa watu wote, asiyependa kelele; aliiweka nyuma ya duka la vitenge kule Makiso, katikati ya mji. Aliziba viti kwa plastiki ya mfuko wa mchele, akatundika kibao cha kukataza kutema mate, basi, biashara ikaanza.

Kulikuwa na kasoro moja ambayo mpaka leo inaniuma. Ukivunja rekodi, mashine ilikuomba uandike herufi tatu za jina lako. Lakini kibonyezo cha kubadilisha herufi kilikufa kwa ile mvua ya njiani, kwa hiyo kila mtu aliandika AAA, akitaka asitake. Orodha nzima ya mabingwa ilikuwa AAA, kutoka juu mpaka chini. Kila mjinga akapata nafasi ya kusimama mbele ya watu na kusema ile ya juu ni yake. Ile ya juu ilikuwa yangu. Tonton aliona kwa macho yake, ila alikuwa mtu wa amani, kila akiulizwa anajibu tu kwamba mashine haidanganyi.

Na umeme, je? Umeme wetu unatoka pale kwenye maporomoko ya Tshopo, na kila mtu wa hapa anajua tabia yake. Siku nguvu zikipungua, taa zinakuwa nyekundu na picha kwenye kioo inajikunja kutoka pembeni, inabaki nyembamba katikati. Barabara pana ya mchezo inageuka kijia cha kwenda shambani. Wengine walishuka kwenye viti wakidai jetoni yao, ile sarafu ya kuwashia mashine. Mimi, hiyo ndiyo saa niliyoipenda. Nilijifunza kupitisha gari pale ambapo wenzangu hawaoni hata pa kupitisha mguu, na umeme ukirudi vizuri barabara ilionekana pana mpaka nilikuwa naona aibu kushinda.

Siri yangu ilikuwa mto. Papa, baba yangu, alikuwa mvushaji. Watu wake ni wa Yanonge, wavuvi na wachuuzi wa majini tangu zamani, na yeye alivusha watu kwa mtumbwi mrefu wenye mota, kutoka upande wa mji kwenda Lubunga, ng'ambo, tulikokaa. Mimi ni mtoto wake wa kwanza. Tangu nikiwa na miaka saba kazi yangu ilikuwa kukaa mbele kabisa na kumwaga maji kwa kidumu kilichokatwa. Nilijua namna mtumbwi unavyoteleza kwenye kona: pua unaielekeza huku, maji yanakupeleka kule, na wewe unatulia. Sasa yale magari ya kwenye mashine yalikuwa yanateleza hivyo hivyo. Wenzangu wakiona kona wanakanyaga breki. Mimi niliacha gari liteleze, nimetulia, na nikitoka upande wa pili wao wamebaki nyuma wanalaumu kiti.

Lakini mota yenyewe sikuruhusiwa kuigusa. Niseme wazi: hicho ndicho nilichokitaka duniani. Si harusi, si kwenda Kinshasa. Nilitaka kukaa nyuma ya mtumbwi, nishike mkono wa mota, watu wote wanipe mgongo wakiniamini. Hapakuwa na msichana hata mmoja anayevusha watu pale kivukoni. Nikimwomba papa anasema, "Ngoja." Nikimuuliza ningoje nini, anasema, "Ngoja tu." Nilingoja mpaka nikafika miaka kumi na tano, nikachoka, nikaenda kushika usukani mahali walipokubali kunipa.

Haukupita muda abiria wakampelekea habari. "Papa, mutoto yako eko naendesha gari kule mjini! Eko napita wanaume!" Walidhani wanamfurahisha.

Alikuja alasiri moja, suruali bado imelowa mpaka magotini, akasimama mlangoni mwa salle. Nilikuwa katikati ya mbio, kwa hiyo sikushuka. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Alisubiri nimalize, kisha akasema mbele ya wote, bila hasira, "Ile mashini iko nadanganya mukono. Utazoea uongo, kiisha utaniletea matatizo."

Salle nzima ikawa inaniangalia. Nilikuwa bingwa pale, bwana. Nikafungua mdomo huu, nikasema, "Ama unaogopa kushindwa, papa?"

Aye! Hata tonton aliacha kuhesabu jetoni zake. Mtoto kumsemesha baba namna hiyo, na mbele ya wageni. Papa alinitazama kidogo. Halafu akasogea, akafuta mikono kwenye shati, akakaa kwenye kiti cha kulia, kile cha gari la bluu, magoti yakamfika karibu na kifua. Tonton mwenyewe alimtilia jetoni.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo watu wa nchi kavu hawalijui. Mtumbwi wa mota hauna usukani. Unashika mkono wa mota kule nyuma, na unafanya kinyume: ukiusukuma kushoto, pua inakwenda kulia, ukiusukuma kulia, pua inakwenda kushoto. Papa alikuwa amefanya hivyo kila siku ya Mungu kabla mimi sijazaliwa. Na kona ya kwanza ya ule mchezo inakata kulia.

Alivuta usukani kushoto kwa nguvu zote. Gari la bluu likaenda moja kwa moja ukutani.

Akarudi barabarani, akakaza macho, akavuta tena kushoto. Ukuta. Kona ya pili inakata kushoto, akavuta kulia, akaingia kwenye mchanga wa pwani. Breki hakuigusa kabisa. Tonton akamwonyesha kidogo kwa kidole, papa akamjibu kwa heshima, "Breki? Mutumbwi iko na breki?" Watu walianza kucheka chini chini, kiisha wakaacha kujificha. "Capitaine ya ukuta!" mmoja akapiga kelele, yaani nahodha wa kuta. "Capitaine, tupeleke Lubunga!" Walikuwa wanashikana mabega. Gari la bluu lilikuwa linakwenda kinyumenyume, na mimi nikalipita kwa mara ya pili katika mbio zile zile.

Na mimi nilicheka. Sikucheka kwa sababu nimeshinda. Nilimcheka yeye, papa yangu, aliyekuwa ananilisha, na nilicheka kwa sauti kuliko wote ili wajue niko upande wao. Ni jambo hilo ninalotaka kulisema hapa, na yale mengine yote kuhusu rekodi ni kiburi changu tu.

Papa akanyanyuka. Akafuta tena mikono. Akasema, "Bon. Umeshinda. Kesho asubuhi utashika mota."

Sikujua kama ni zawadi au adhabu. Asubuhi nilikuwa kivukoni kabla yake. Mtumbwi ulijaa kama kawaida: mama wauza kwanga, ile mikate ya muhogo, na vikapu vyao, vijana wawili na baiskeli za toleka, zile za kubeba abiria, mbuzi mmoja, mwalimu mmoja na mwavuli. Watu kama ishirini. Papa akakaa kwenye ubao mbele yangu, akanipa mgongo kama abiria, akasema, "Shika."

Nikashika. Jamani, ile mota ilivyotetemeka mkononi mwangu! Nilitoa mtumbwi vizuri, nikaukata mto vizuri, mama mmoja akageuka akasema kumbe mutoto mwanamuke anaweza, na mimi nikajifanya sikusikia. Karibu na upande wa Lubunga kulikuwa na baji imetia nanga, iko kulia kwetu. Nilitakiwa kuipita kwa kushoto, jambo rahisi kabisa.

Kichwa changu kilijua. Kilijua tangu nina miaka saba. Lakini mkono ulikuwa umetoka kwenye miezi mingi ya gari la njano. Nilitaka kwenda kushoto, nikausukuma mkono wa mota kushoto, na pua ya mtumbwi ikaja kulia, kwenye baji. Nikaona nimekosea, nikazidisha: kushoto zaidi, zaidi, na kadiri ninavyozidisha ndivyo chuma cha baji kinavyokuja. Watu wakaanza kuita Yesu. Papa aligeuka, akanitazama usoni, akanyoosha mkono akapunguza moto wa mota, basi, hakunipokonya. Tukagonga ubavu wa baji, bum, kikapu kikapinduka, kwanga zikaelea majini, mbuzi akakaa juu ya mwalimu.

Hakuna aliyeumia. Na watu wakishaona hakuna aliyeumia, unajua kinachofuata. Kijana mmoja wa toleka alianza, "Eh, ule wa gari..." na kicheko kikawa kinapanda kutoka mbele kuja nyuma, kwangu. Nilitamani mto unimeze.

Papa akasimama. Kusimama ndani ya mtumbwi ni kitu alichotukataza maisha yetu yote. Akawaangalia mmoja mmoja, akasema, "Mukicheka, mutaogelea."

Kicheko kikakatika. Hata mbuzi alinyamaza. Kisha akaniambia, taratibu tu, kama anayeomba chumvi, "Rudisha pua." Nikairudisha, safari hii nikifikiria kila kidole. Tulifika. Akamlipa yule mama wa kikapu kwanga zake zilizoelea, akaniambia, "Kesho tena," akaondoka kuelekea nyumbani.

Mimi nilibaki nafunga kamba, nalia. Jana yake mimi nilimcheka mbele ya watu, na leo yeye amewazuia watu wasinicheke. Haikuhitaji shule kuelewa. Nikasema moyoni, naenda kumwomba pardon sasa hivi, kabla sijala. Nikafika nyumbani mchana ule, nikasogea kwenye pazia la chumba chao, na nikiwa nimeshika pazia nikamsikia. Alikuwa ndani na mama. Alikuwa anavuta pumzi kwa shida, kwa kukatika-katika, kitanda kinatikisika, na mama ananong'ona, "Nyamaza, mutoto atasikia. Nyamaza, papa."

Sikuwahi kumsikia papa akilia. Niliachia pazia. Nikaenda kukaa jikoni karibu na kinu, na ile lituma niliyowekewa sikuigusa, mimi ninayependa ndizi za kupondwa kuliko nyama. Nilijua nimemvunja. Jana nimemwaibisha kwenye salle, leo nimemgongesha kwenye baji mbele ya wateja wake, na sasa mwanaume huyu analia mchana kweupe. Ningeingia kumwambia nini?

Neno lile lilinikwama. Kesho yake alinipa mota tena, na kesho kutwa, na mkono wangu polepole ukarudi mtoni. Kila siku nikawa nasema nitamwambia leo. Salle ilifungwa baada ya kioo cha upande wa bluu kuungua, mashine ikapelekwa sijui wapi. Nikakua. Mama akafariki. Leo nina mitumbwi miwili yangu, na hao vijana wa kivukoni wananiita capitaine bila mzaha wowote. Papa yuko pale pale Lubunga, miguu imechoka, macho bado makali. Tumeongea juu ya kila kitu, mimi na yeye, isipokuwa siku zile mbili.

Na ule mchezo niliukumbuka mno, nisidanganye. Nilikumbuka sauti ya mtu aliyekuwa anahesabu kuanza kwa lugha tusiyoijua, na sisi tunamfuatisha vibaya. Nilikumbuka bahari iliyokuwa kando ya barabara, bluu kabisa, na miti yake mirefu. Mpaka leo ndiyo bahari pekee niliyoiona. Wakati mwingine nikikata mto asubuhi bila abiria wengi, naacha mtumbwi uteleze kidogo kwenye kona, kwa raha zangu tu.

Mwaka huu abiria mmoja akaniambia kuna salle mpya mjini, na wameleta mashine ya zamani ya magari, viti viwili. Gari moja njano, akasema. Jumamosi nikavaa kitenge kizuri, nikaacha mitumbwi kwa wadogo zangu, nikaenda.

Ilikuwa yenyewe! Viti vimeshonwa upya, kioo cha upande wa bluu kimebadilishwa, rangi imepakwa, lakini mchezo ni ule ule. Vijana watano hivi walikuwa wameizunguka. Orodha ya mabingwa ikapita kwenye kioo: AAA, AAA, AAA. Nikawaambia, "Munaona ile ya juu? Ni mimi." Wakacheka, mmoja akanieleza kwa upole, "Mama, ile inatoka nayo fabriki," yaani kiwandani ilikotengenezwa. Fabriki gani? Nikamwambia akae pembeni aone.

Nikakaa kwenye njano. Sauti ikahesabu, tukaondoka. Kona ya kwanza inakata kulia, naijua kama mlango wa nyumba yangu.

Mkono wangu ukavuta kushoto.

Ukuta. Nikarudi barabarani, nikavuta tena kushoto, kwa nguvu, ukuta tena. Mguu haukutafuta hata breki. "Volani, mama! Geuza volani!" vijana wanapiga kelele nigeuze usukani, wameshikana mabega, machozi yanawatoka, na mimi nikasikia mdomo wangu unasema, "Mukicheka, mutaogelea."

Walicheka zaidi. Wataogelea wapi, wako juu ya sakafu ya simenti? Lakini mimi nilikuwa nimeduwaa, mikono juu ya usukani. Siku ile papa hakuwa mshamba. Mikono yake ilikuwa imejaa mto, haikuwa na nafasi ya kitu kingine. Na sasa yangu iko hivyo hivyo. Nilifurahi, na papo hapo nikaona haya kama ya jana. Sikumaliza mbio. Nikaenda kivukoni, nikavuka.

Papa alikuwa barazani anasafisha plagi ya mota kwa kitambaa, kazi ambayo hakuna aliyemwomba. Nikakaa chini karibu naye, nikamwambia yote: salle, kona, ukuta, vijana.

"Balicheka?" akauliza.

"Balicheka, papa."

"Na wewe uliwaambia nini?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa, ameridhika, akarudi kwenye plagi yake. Nikaona nisipolisema sasa nitazikwa nalo. "Papa, pardon."

"Pardon ya nini?"

"Siku ile ya mashini. Nilikucheka mbele ya batu."

Akafikiri. "Na unasema leo?"

"Nilikuja siku ya kugonga baji," nikasema, na sauti ikaanza kunitoroka. "Nilifika mpaka kwa pazia. Nikakusikia unalia mule ndani, mama anakunyamazisha. Nikashindwa kuingia."

Papa akaweka plagi chini. "Kulia?" akasema. "Mimi?"

Halafu mabega yake yakaanza. Pumzi ikamkatika, ikarudi, ikakatika tena, benchi likatikisika, na niliitambua ile sauti kabla hajafungua mdomo. Ilikuwa yenyewe, ya nyuma ya pazia.

"Mutoto," akasema alipoweza, akijifuta macho, "nilikuwa nacheka! Vile ulikaza macho, unasukuma, unasukuma, baji inakuja... Niliifunga kicheko ndani ya tumbo kutoka kule majini mpaka kitandani. Ningecheka pale, batu ishirini bangecheka, na wewe usingeshika mota tena. Mama yako alinifunga mdomo na kitenge yake. Alisema tutakuambia ukiwa mukubwa." Akajifuta macho tena. "Kiisha tukasahau."

Nilimgombeza, sina haja ya kuficha. Miaka yote hii! Na ile lituma sikuila! Nilimgombeza huku machozi yananitoka na yeye anacheka, na nilipomfikiria mama na kitenge chake mikononi, anamziba mdomo mwanaume mzima, nikashindwa kuendelea na mimi nikacheka mpaka majirani wakachungulia.

Baadaye akaokota plagi yake, akaipuliza. "Ile mashini, upande ya bluu iko natumika?"

"Iko."

"Bon. Kesho tuende. Lakini mara hii mimi nakaa kwa njano."

Nikamwambia njano ni yangu, aulize mji mzima. Akasema tutaona.